Njia Ndefu ya Kutoka Makaburini

Vigan, Jumapili

Dada Perla mpenzi,

Usinigombeze kwa kukaa kimya. Ni wewe uliyesema nikitoka kumzika mume wangu Isagani nisiende nyumbani moja kwa moja, nipite kwanza mahali, hata dukani, roho yake isinifuate. Basi nimepita, wiki ya tatu sasa! Banaue nilitazama matuta ya mpunga nikalowa chapachapa. Hapa Vigan nyumba za kale zinanukia nta, na sambusa zao za papai bichi zinazishinda zako, samahani.

Ndiyo safari tuliyoipanga mimi naye, akistaafu.

Jana niliagiza sambusa mbili. Muuzaji akauliza, "Mama, ya pili ya nani?"

"Ya mzee wangu. Yuko nyuma."

"Mwambie akaze mwendo, inapoa!"

Tukacheka. Nikageuka kutazama. Hapakuwa na mtu. Desturi yako imefanya kazi, Dada: hakunifuata.

Kesho narudi. Nitaanzia kaburini kwake, na kutoka pale nitakwenda nyumbani moja kwa moja, bila kupita hata dukani. Mlango nitauacha wazi.

Mdogo wako asiyesikia,
Luming