Hesabu Tano kwa Miaka Minne

Zuhura, mke mwenzangu,

Mpango wako nimeuvunja. Nakwambia mwanzoni kabisa usije ukausikia kwa mwingine, maana watu wa kufa na kukufuata huko hawakosekani, na wewe habari zilikuwa zinakufikia hata ukiwa umelala.

Mjukuu wetu Salma nimemtoa kwenye Aljebra ya Pili. Nimemrudisha Jiometri, akae na wenzake aliokuwa amewaruka. Fomu nimesaini mwenyewe, jina langu lote, kwa huu mwandiko wangu wa kisomo cha watu wazima uliokuwa unaucheka. Sasa kaa unisikilize. Ulipokuwa hai ulikuwa unanikata maneno. Leo huwezi.

Nimechoka, Zuhura. Lifti imeharibika tena na sisi tuko ghorofa ya saba, lakini uchovu ninaousema hauko miguuni.

Unakumbuka ulivyoingia nyumbani kwangu Tanga? Mimi nina watoto watatu, wewe una cheti cha ualimu. Mume wetu ananiambia, "Huyu atawasaidia watoto hesabu." Hesabu! Mwanamume anatafuta mke wa pili, anasema anatafuta hesabu. Mwezi haujaisha nikakuandikia kikaratasi cha vitu vya dukani, ukanirudishia umekisahihisha kwa kalamu nyekundu. Wiki nzima sikusema nawe. Ulijua kwa nini, ukajifanya hujui.

Na bado mume wetu alipokufa tulibaki wawili. Mwanangu Hamisi alipoachana na mama yake Salma, na yule mwanamke akaenda kuolewa Unguja, Hamisi akatuita huku Guangzhou, China, kwenye biashara zake, tumlelee mtoto. Alisema, "Njooni wote, mama zangu." Nilijua wewe anakutaka kwa ajili ya shule na mimi kwa ajili ya mchuzi. Nikaja hivyo hivyo. Mtoto tukagawana bila kukaa kikao. Asubuhi wangu, nimlishe, nimsuke, nimgombeze mpaka mlangoni. Saa kumi alasiri, akishuka kwenye metro, ile treni yao ya chini ya ardhi, wako. Nilikuwa nawasikia kutoka jikoni. Siku moja ulichukua leso yangu iliyopigwa pasi, ukaikunja pembe kwa pembe mara tatu kumwonyesha mtoto sijui nini cha pembetatu, nami nikapayuka kwamba leso si ubao. Mlicheka nyie wawili mpaka nikafunga mlango wa jikoni.

Sasa hizo hesabu za shule ya Salma nimezikariri, usidhani sijui. Ni tano. Aljebra ya Kwanza, Jiometri, Aljebra ya Pili, halafu ile ya kumwandaa mtoto kwa Kalkulasi, halafu Kalkulasi yenyewe. Na miaka ya sekondari yao ni minne. Aliyeanzia ya kwanza hafiki ya tano mpaka aruke moja. Wewe ukasema Salma ataifika, anataka uhandisi, ataifika. Akishamaliza ya kwanza, Jiometri mtaimaliza nyumbani likizo ndefu, wewe na yeye, atafanya mtihani wa kuiruka, shule ikifunguliwa aingie Aljebra ya Pili. Ukaandika yote, ukachora na mishale, ukaibandika ukutani juu ya meza.

Wiki ya tatu ya likizo ukaanguka bafuni. Presha uliyokuwa unaiita uchovu. Wewe uliyekuwa hukosei kanuni hata moja, vidonge viwili vya asubuhi vinakushinda kukumbuka! Ukaondoka uwanja wa ndege wa Baiyun kwa upande wa mizigo, Hamisi akakusindikiza, mimi nikabaki na mtoto. Umelala Tanga, hatua chache kutoka kwa mume wetu. Hata hapo umenitangulia.

Siku ya arobaini tulikusomea khitma hapa nyumbani. Wanawake wenzetu wa mtaa wa Sanyuanli walijaa. Mama Nasra, yule anayenunua nguo soko la Shisanhang na kupeleka Kariakoo, alikula biriani langu sahani mbili, akafuta vidole, akasema mbele ya wote, "Haya Bi Mkubwa, uwanja sasa ni wako peke yako." Wenzake wakacheka kile kicheko cha kuziba mdomo na mtandio.

Nikamwondolea sahani. Lakini niliapa moyoni kwamba hakuna mtu atakayesema nimefuta hata mstari mmoja wa Zuhura. Mke mwenza akifa, watu wanamtazama aliyebaki. Wanangoja uhamishe sufuria moja tu wapate la kusema. Basi sikuhamisha kitu. Karatasi yako ya mishale nikaifanya wosia, na wosia hauguswi.

Shule ikafunguliwa, Salma akafanya mtihani wa kuiruka Jiometri, akafeli. Angefauluje, mmesoma wiki tatu tu, na zilizobaki alikuwa analia? Mama wa ofisini akanieleza kwa ile simu inayotafsiri kwamba mtoto aanze Jiometri na wenzake, ila mzazi akishikilia, anaruhusiwa kusaini mtoto apite. Nikasema kalamu iko wapi. Hamisi nilimpigia, yuko Dar mpaka leo anahangaika na kontena bandarini, akasema, "Kama Mama Mdogo aliandika hivyo, fuata." Nikasaini. Nilitoka pale kifua mbele. Nilitamani Mama Nasra angeniona.

Saa kumi ilipofika nikavuta kiti chako nikakaa. Nilidhani kazi yako ilikuwa ni kukaa na kugomba, maana kutoka jikoni ndicho nilichokuwa nasikia. Basi nikakaa nikagomba. Soma. Mbona umeduwaa, soma. Bibi Zuhura anakuona, soma. Hilo la mwisho naomba radhi, kwake na kwako.

Kufika mwezi wa kumi anatapika kila siku ya mtihani. Nikampa tangawizi. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana nikimsuka, nikasema ni maji ya huku. Akawa haulizi kitu, haombi kitu, anakaa na lile daftari kama mtu anayesubiri kuitwa hospitali. Halafu shule wakanipigia: amenakili kazi ya msichana wa Kikorea, neno kwa neno, mpaka makosa ya yule msichana kayachukua. Salma wetu, Zuhura. Yule aliyekuwa anakubishia wewe jibu lililo kitabuni.

Nilimpiga maneno mpaka sauti ikanikauka. Kisha nikamwambia arudi mezani.

Kabla ya likizo ya mwaka mpya wa Kichina mwalimu wake wa hesabu akaniita. Ni Mkenya, Mwalimu Mutua, kijana wa Machakos mwenye sauti ya taratibu. Kwao bibi ni nyanya, basi nikawa nyanya tangu mlangoni. Nilikwenda nimejifunga kibwebwe. Karatasi yako nilikuwa nimeibandua nikaiweka kwenye mkoba, na kabla hajafungua kinywa nikamtandazia mezani. Nikamwambia huu ni wosia wa marehemu, alikuwa mwalimu kama wewe, tena mkubwa kwako, usije ukaniambia habari za kurudi nyuma.

Hakubishana. Aliisoma, akafuata mishale kwa kidole. Akaniuliza hii Jiometri ya likizo ilikuwa ifundishwe na nani. Nikasema marehemu. Na hapa palipoandikwa saa kumi mpaka saa kumi na mbili, kila siku, miaka yote minne? Marehemu. Na akikwama hapa kwenye Aljebra ya Pili? Nikamjibu kwa ukali, marehemu, huoni mwandiko ni wake?

Ndipo akasema, "Nyanya, mpango si mbaya hata kidogo. Lakini ulikuwa wa watu wawili. Mmoja ameenda, na huyu mdogo amebebeshwa sehemu zote mbili."

Nikaivuta karatasi yako upande wangu, nikaitazama upya. 

Baadaye nikajaribu kushindana naye kama ninavyoshindana na laoban, mwenye duka la vitambaa. Mwache amalize mwaka, nitamtafutia mtu wa kumfundisha jioni. Akasema mtu wa jioni atajenga juu ya nini, ikiwa Jiometri haipo chini? Akaniandikia njia nyingine. Arudi Jiometri sasa hivi, mwakani Aljebra ya Pili, mwaka wa mwisho ama ile ya kuandaa Kalkulasi ama takwimu, kwa atakavyokuwa ameimarika. Ya tano hataifika shuleni. Chuoni wanaifundisha tangu mwanzo, alisema, na wahandisi wengi wameikuta hukohuko. Lakini nisaini kabla ya Ijumaa. Ikipita hapo atabaki alipo, na akifeli mwaka mzima, alama hiyo itamfuata kila atakapoomba nafasi.

Salma alikuwa amekaa pembeni yangu muda wote. Akasema, "Sirudi. Bibi Zuhura aliandika."

Maneno yangu yale. Nilimlisha mwenyewe, asubuhi na jioni, tangu shule ifunguliwe. Nilimtazama yule mtoto: shingo imekuwa kama ya kuku, kucha amezitafuna mpaka kwenye nyama, na ameshikilia ukingo wa meza kama mtu anayekataa kutolewa nyumbani kwake. Hakuwa anashikilia Aljebra. Alikuwa anakushikilia wewe. Akiiachia hiyo hesabu, umekufa kweli.

Na mimi nilikuwa nashikilia nini? Nilikuwa nashikilia mdomo wa Mama Nasra.

Nikasaini. Jina likapanda juu ya mstari. Mwalimu hakusahihisha.

Kwenye metro alisimama mbali nami, mlango mwingine kabisa. Ngazi za ghorofa zote saba alitangulia. Tulipofika mlangoni, natafuta funguo, akasema taratibu bila kunitazama, "Haya, furahi sasa. Ulikuwa humtaki tangu zamani."

Zuhura, nilitaka kumpiga. Nilitaka kumwambia ni nani aliyekuosha mwili siku ile, ni nani aliyekusuka nywele mara ya mwisho ukiwa umelala pale. Yote yalinijia mdomoni. Nikayameza, nikafungua mlango, nikaenda kupika.

Huu ni mwezi wa pili sasa tangu nisaini. Anakwenda Jiometri yake. Hatapiki, analala, juzi kamaliza sahani akaongeza. Kwangu anasema shikamoo na kwaheri tu. Mezani ananipa mgongo. Kiti chako amekivuta kwake, anaweka mkoba juu yake nisikae. Mama Nasra naye habari zimemfikia, na amenipa pole kwa sauti ambayo hata ningeisikia ndotoni ningemtemea mate. Wanasema kumbe. Wanasema Bi Mkubwa amengoja mwenzie aoze ndipo amlipize kwa mtoto. Hamisi kaniambia nisiwajali. Rahisi kwake, yeye haendi kusuka nao.

Sasa tuseme kweli mimi na wewe. Wivu nilikuwa nao. Nilikuonea wivu wa cheti, wa Kiingereza, wa vile mjukuu wangu wa damu alivyokuwa anakimbilia kiti chako hata viatu hajavua. Shule ilipofunguliwa, ningekataa kusaini ule mruko, sijui ingekuwa kwa huruma au kwa wivu, kwa hiyo nikaogopa, nikasaini, nikamwacha mtoto ateseke nusu mwaka ili mimi nionekane msafi. Hilo ndilo kosa langu, nalibeba. Lakini ile sahihi ya pili haikuwa na wivu ndani. Nimeutafuta humo, sijauona. Mtu pekee ambaye angeijua tofauti ni wewe, na wewe umekufa, mwanamke mwenye haraka.

Basi sitajitetea. Kwa Mama Nasra sitajitetea, wala kwa Salma. Akihitaji mtu wa kumchukia ili apate kukulilia vizuri, nipo, anichukie akiwa ameshiba. Nakuahidi nitamfikisha mwisho wa ile shule akiwa mzima, kwa hesabu tatu au nne, zile atakazoweza kubeba kwa mikono yake mwenyewe. Akisema siku moja anataka kupanda tena, nitasaini, hata kama ni wao wote wamesimama wananitazama.

Mungu akurehemu, Zuhura. Mengine nimeyaacha, macho yameniuma. Nikifika huko utakuwa na maneno yako, najua, na kalamu. Uyaseme yote mpaka yaishe. Miaka yote hiyo niligomba mimi. Hiyo itakuwa zamu yako, na nitakaa kimya.

Mwenzako,
Mwanaisha