Mkia wa Mwatiko

Dada Mwanabaraka, shikamoo.

Huku Kunduchi sie wazima. Mama ametolewa ule mwiba kooni, sasa anakunywa uji.

Alitamani mkizi, ambaye miba yake ni michache. Nikashinda ufukweni na mshipi, nikaambulia mwatiko, samaki wa miba tele. Wanafanana, ila mwatiko ana pezi moja mgongoni, na mkia wa panda kama manati. Niliona aibu kurudi bila mkizi. Nikakata pezi na mkia hukohuko, nikamkabidhi mke wangu: "Mkizi huyo, Yasmini."

Sasa analaumiwa yeye kwamba hakuchambua miba. Jana alimpigia Mama magoti. Mie nilikuwepo, nikanyamaza.

Leo Mama kaniagiza mkizi mwingine. Anataka nimwandalie mwenyewe, eti mikono ya Yasmini haiamini tena.

Mdogo wako,
Mwinjuma