Bomba la Mita Nane

Kwa Vonza,
6 Machi 1978

Dada mpendwa Kavata,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mimi ni mzima, shemeji Kiilu pia, ila kikohozi cha vumbi hakijamwacha. Mwanao Mumbua amepona surua?

Uliuliza huku kiwandani nachora nini hasa. Tunapika juisi ndani ya tangi lililoondolewa hewa, ndiyo ichemke bila kuungua. Mvuke wake unapoozwa kwa maji kwenye tangi jingine la juu, na maji hayo yanashuka yenyewe kwa bomba hadi shimoni. Mdomo wa bomba unazama majini ili hewa isiingie. Sasa, bomba likiwa fupi, mvuto wa tangi lisilo na hewa unayashika maji, hayashuki. Yanajaa huko juu. Nilichora mita kumi na nusu. Meneja anasema ni refu mno, itabidi paa liinuliwe.

Msalimie Mama.

Mdogo wako,
Ndeti

Kilungu,
2 Aprili 1978

Mdogo wangu Ndeti,

Habari za siku nyingi? Sisi hatujambo, Mama anasumbuliwa na magoti tu. Mumbua amepona, anakula.

Kiilu alikuja nyumbani Pasaka. Machungwa anayoyapenda hakuyagusa. Akaniambia, "Kavata, nimelipima lile bomba. Ni mita nane, na mchoro una sahihi ya Ndeti." Nikamwambia wewe Ndeti hukufanya hivyo, ndiwe uliyemtafutia kazi hapo, huwezi kumweka chini ya kitu kibaya.

Ulitia sahihi? Nijibu upesi.

Dada yako,
Kavata

Mukuyuni,
21 Agosti 1978

Dada Kavata,

Nakusalimu, ingawa najua hakuna uzima nyumbani kwako. Barua yako ya Aprili niliipata. Kila jioni nilikaa niijibu, nikashindwa.

Nilitia sahihi. Meneja alisema, "Ukikataa, wako wengine wanaojua kuchora." Pampu ya zamani ya kutoa hewa tangini ilikuwa dhaifu, ikivuta kidogo, kwa hivyo maji yalishuka vizuri miezi yote. Nikajidanganya kwamba nilikosea hesabu. Mwezi wa saba wakaleta pampu mpya. Siku ya kwanza ilivuta kwa nguvu, maji yakagoma kushuka, tangi la juu likajaa. Vyuma vilivyolishika havikuwekwa kwa uzito ule. Kiilu aliona vinapinda. Aliwafukuza vibarua wote nje, kisha akarudi kufunga maji. Lilimwangukia.

Sikuja kumzika. Nilifika hadi njia panda ya Kilungu, nikasikia mkiimba, nikageuka nikarudi.

Nasikia uchunguzi wa ajali ni tarehe kumi na nne mwezi ujao. Ndani ya bahasha hii ni mchoro wangu wa kwanza, wa mita kumi na nusu. Wape.

Nisamehe.

Mdogo wako,
Ndeti

Kilungu,
19 Septemba 1978

Ndeti,

Mama yu hai. Watoto wanakula.

Nilikwenda. Tulikaa katika ofisi ya meneja, mimi peke yangu upande wa Kiilu. Mkubwa wa uchunguzi akauliza, "Aliyechora yuko wapi?" Meneja akasema uliacha kazi, hujulikani uliko. Nikatoa karatasi yako. Wakaipitisha mkono kwa mkono. Meneja akacheka kidogo, akasema yeyote anaweza kuchora hivyo baada ya ajali. Yule mkubwa alinitazama kwa huruma. "Mama, karatasi siwezi kuiuliza maswali. Angekuja mwenyewe."

Niliangalia mlango mpaka walipofunga mafaili.

Wameandika kwamba Kiilu alifungulia maji kupita kiasi. Ndivyo watoto wake watakavyosoma.

Nikitoka nje nilikuta mafundi juu ya paa. Wameliondoa, tangi linainuliwa. Nikamuuliza Mutiso, aliyekuwa akifanya kazi na Kiilu, bomba jipya litakuwa na urefu gani. Alitazama chini, akanijibu polepole, "Mita kumi na nusu, mama."

Mukuyuni hadi hapa ni mwendo wa asubuhi moja. Usije.

Mke wa marehemu Kiilu,
Kavata