Mkamwana Aliyemwosha Mkwe Miguu

Kandy, Sri Lanka

Mpenzi Baba Gwamaka,

Ugonile? Mimi sijambo kabisa. Nimenenepa kwa wali wao wa pilipili, usije ukanipita stendi ukidhani ni mama mwingine. Gwamaka wetu hajambo? Na mvua ya Tukuyu imepungua, au bado mnaanika nguo jikoni?

Mafunzo ya chai yanakwenda vizuri. Vilima ni kama vya kwetu, na ukungu ukishuka najiona niko Kawetele. Wale wenye kiwanda wapya hawatajuta kunileta huku.

Jumapili mama mwenye nyumba wangu, Mama Kamala, alinipeleka sinema. Filamu ya Kisinhala, mambo ya familia matupu, hakuna ngumi wala kukimbizana kama zile za vibanda vya video pale mjini. Alininong'oneza kila kitu kwa Kiingereza. Mzee amefiwa na mkewe, mwanawe yuko kazini mbali, nyumbani amebaki na mkamwana tu. Basi mzee akaugua. Mkamwana akaingia chumbani na beseni, akamshika miguu, akaanza kumwosha!

Mume wangu, sikujijua. Nilijifunika khanga uso mzima nikachutama kati ya viti, kama ninavyojibanza migombani baba yako akipita njiani. Mama Kamala akadhani nimeshikwa na tumbo.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Yule si mkwe wake? Kwetu mkamwana na baba mkwe hata kutazamana ni mwiko!"

"Ni mkwe wake. Sasa amwoshe nani mwingine?"

Watu wa nyuma wakacheka, nami nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea.

Ni ile barua yako. Unasema macho ya baba yako, Tata, yanafifia, na tangu mama yenu afariki hana wa kumhudumia, kwa hiyo mnataka kumpeleka Mbeya kwa dada yako, wakati mwenyewe anasema afadhali afie kwenye migomba yake Kinyala. Mimi nipo, lakini ni mkamwana, kwa hiyo ni kama sipo. Miaka yote hii nampikia, jirani anampelekea, kinamfikia kimepoa. Najua kikohozi chake, najua fimbo yake inavyogonga mawe. Uso wake siujui. Inanihuzunisha, Baba Gwamaka, sikufichi.

Usimhamishe kwanza. Nakaribia kurudi. Mila sizidharau, nimelelewa nazo, na umeona zilivyonichutamisha ugenini. Kaa naye, umwulize kwa adabu kama atakubali nimhudumie mwenyewe. Akitaka wazee waitwe, waitwe, na mchungaji pia. Chakula cha kikao hicho nitapika mimi nikirudi. Akikasirika, nyamaza, umwulize tena siku nyingine. Wewe huwa una haraka.

Nisalimie mama yangu kule Ikuti, umwambie viatu vya baridi nimeshampatia. Msalimie wifi yangu wa Mbeya, asidhani namnyang'anya baba. Na jirani yetu anayebeba lile bakuli, mwambie Mungu ambariki.

Tata sijawahi kumtumia salamu tangu nimeolewa. Leo namtumia. Mwambie mkamwana wake anasema hivi: yeye macho yanamwacha, hataniona, na mimi nitainama, sitamtazama. Lakini ale chakula cha moto, nyumbani kwake.

Wako akupendaye,
Mama Gwamaka