Gari Halikuwa Limejaa

Dada Halima,

Mama bado anaamini kwamba gari la yule Mzungu lilikuwa limejaa mizigo. Ndivyo Baba alivyomwambia tuliporudi kutoka kivukoni, nami nikanyamaza. Leo ni mwezi wa nne tangu tukuzike, na bado nimenyamaza.

Jumatatu nina mtihani wa Kiingereza. Asubuhi tutaandika, mchana kila mmoja ataitwa peke yake mbele ya mtahini Mzungu, azungumze. Hapa nyumbani wameshanipasisha. Mjomba ananiita "Bwana Karani" hata nikienda kuchota maji mtoni, na watu wanacheka kwa furaha. Mimi nashika ndoo yangu naongeza mwendo.

Wewe hukukaa darasani hata siku moja. Baba alisema mtoto mmoja aende shule, mwingine aamie ndege wasile mpunga, ukapandishwa wewe dunguni, kwenye jukwaa la katikati ya shamba. Nilipokuwa nikija shambani na kitabu changu ulikuwa ukinisogezea nafasi, ukisema, "Nisomee basi, bubu wa vitabu." Nikisoma sentensi, unawapigia ndege kelele nayo kwa sauti yako yote, na makosa yake yote, mpaka wanawake wa shamba la pili wanauliza, "Halima, hao ni ndege wa Ulaya?" Nawe unajibu, "Wa kwetu, Kiswahili hawakisikii!" Mimi nilikuwa naona haya. Nilikuwa nakusahihisha, Dada.

Siku ya nne ya homa yako Baba alinishika mkono tukaenda kivukoni Garsen. Gari moja lilikuwa likisubiri pantoni, linaelekea Malindi, kuliko na hospitali. Ndani alikuwa mtu mmoja tu, Mzungu mgeni, asiyejua Kiswahili hata salamu. Baba alimsemesha, Mzungu akatikisa kichwa. Basi Baba akanisukuma mbele. "Mwambie, mwanangu. Kiingereza unacho."

Nilikuwa nacho. Lakini mwalimu wetu hutuchapa sentensi ikitoka na kosa, kwa hiyo tumezoea kuijenga kichwani mpaka ikamilike, ndipo tufungue mdomo. Nikaijenga. Nikaibomoa, nikaijenga tena. Baba akanyoosha kidole upande wa kijiji chetu, akalaza shavu kwenye kiganja kuonyesha mgonjwa. Mzungu akatabasamu, akampa sigara. Labda alidhani tumechoka. Pantoni ikafika, gari likapanda. Kiti cha kando yake kilikuwa kitupu. Nilikitazama mpaka ng'ambo.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, ukafa.

Baba hajanigombeza. Heri angenipiga. Tangu siku ile haniulizi habari za shule, na mimi sithubutu kumtazama usoni.

Juzi mwalimu alitupa insha: umwombe mgeni msaada wa haraka. Nilipata alama zote. Akaisoma mbele ya darasa, akasema, "Huu ndio mfano," na wenzangu wakapiga makofi. Kiingereza safi kabisa, Dada, kisicho na kosa hata moja, cha kumwombea mtu ambaye yuko kaburini. Nilitaka kukichana kile kidaftari. Sikukichana. Nilisema asante, nikakaa.

Mama husema siku zako zilikuwa zimefika, na majirani humwitikia. Mimi sijui siku za mtu zinavyopangwa, Mungu ndiye ajuaye. Ninachojua ni kile kiti.

Sikuombi unisamehe. Nakuandikia kwa sababu siwezi kwenda Jumatatu kumfumbulia mdomo Mzungu mwingine, ilhali Mama yangu mwenyewe nimemfumbia. Yuko uani sasa hivi anapepeta mpunga, namsikia. Atalia, na pengine atanifukuza asinitazame tena. Sijatunga la kuanza nalo, na safari hii sitatunga.

Mungu akulaze pema, Dada yangu. Nakuahidi, nikiweka kalamu chini natoka nje kumwambia, yatoke yatakavyotoka.

Nduguyo,
Komora