Tingatinga Ghalani: Maelezo ya Abigael Bosibori

POLISI, SCARBOROUGH, TORONTO
Jina: Abigael Bosibori Nyakundi
Umri: Miaka 39
Kazi: Muuguzi, makao ya wazee
Makazi: Malvern
Tarehe: 20 Oktoba 2025
Lugha: Kiswahili, kwa ombi la shahidi, kwa kuwa maneno yanayohusika yalisemwa kwa Kiswahili.

Siku zangu za mapumziko napiga picha za majengo ya zamani ya mashambani. Bi Shafina nilimfahamu kupitia kazi hiyo. Ni mama wa miaka sitini na kitu, mzaliwa wa Mwanza. Marehemu baba yake aliwaachia yeye na mdogo wake, Murad, shamba lenye ghala la mbao, nje kidogo ya Malvern.

Mnamo tarehe 18 Oktoba 2025, siku ya Jumamosi, Bi Shafina aliniomba nikampigie picha ghala hilo. Alisema ni za kumbukumbu. Tulifika kama saa kumi na moja jioni. Jua lilikuwa limeshuka, mbao zimekuwa na rangi ya shaba, na majani mekundu yamejaa hadi kwenye paa. Kando ya ghala palikuwa na tingatinga.

Nilikuwa nimepiga picha chache tu Murad alipotokea nyuma ya ghala. Hakutusalimu.

Alimwuliza dada yake, "Hizo picha unazipeleka wapi?"

Bi Shafina akajibu, "Kwa watu wa jiji wanaolinda majengo ya kale. Ghala hulibomoi, Murad. Nusu ni yangu."

Hapo ndipo nilipojua nimeitiwa nini. Nilimwambia Bi Shafina kwamba amenidanganya. Alisema, "Piga picha, Abigael. Mwanga unaisha." Sikupenda, na sasa bado sipendi.

Murad alinijia, akapiga teke stendi ya kamera yangu, ikaanguka. Akasema, "Na wewe mama, mambo ya nyumba yetu yanakuhusu nini? Toka kwenye shamba langu kabla sijakutoa." Nilimwambia asinishike. Hakunishika. Alinitemea mate karibu na viatu, akageuka kuelekea kwenye tingatinga.

Alipokuwa ametupa mgongo, Bi Shafina aliingia ghalani kwa mlango wa ubavuni, simu mkononi, akisema atapiga za ndani mwenyewe.

Murad aliwasha injini. Nilidhani anatutisha tu. Tingatinga liliposogea hadi kwenye nguzo ya pembeni nilikimbia, nikasimama chini ya dirisha la dereva, ambalo lilikuwa wazi, nikapiga kelele, "Shafina yuko ndani!"

Alisimamisha tingatinga. Injini ilikuwa inanguruma chini chini, tungeweza kuongea. Alinitazama usoni. Akasema, "Mlango uko wazi. Atoke."

Kisha akasukuma nguzo.

Afande, umeniuliza mara mbili kama nina hakika na maneno hayo. Nina hakika. Uliza mara ya tatu ukitaka.

Upande mmoja wa paa ulishuka wote. Nilimkuta Bi Shafina chini ya boriti, mguu wa kushoto umepondeka. Nilifunga paja lake kwa skafu yangu kuzuia damu, nikapiga simu kuita ambulensi. Murad alishuka, akasimama pale, mikono mifukoni. Alisema, "Nilidhani ametoka." Hakunisaidia kuinua hata ubao. Mtu hawezi kudhani fulani ametoka kama hakujua ameingia. Hilo naomba liandikwe kama nilivyosema.

Jana Jumapili nilikwenda hospitali baada ya kanisa. Madaktari walikuwa wamemkata mguu chini ya goti. Alikuwa macho. Alinishika mkono, akaniambia, "Abigael, sema injini ilikuwa na kelele. Sema hakusikia."

Nilimwuliza kwa nini.

"Ni ndugu yangu. Mama yetu yu hai bado. Akifungwa, mama atakufa."

Nikamwambia, "Alisikia, Bi Shafina. Alinijibu."

Alisema, "Basi usirudi hapa. Na picha zako usizilete." Akageuza uso ukutani. Nilimfunika mguu uliobaki, kwa sababu shuka lilikuwa limeanguka, nikaondoka.

Watasema nina kinyongo na Murad. Ninacho. Na dada yake pia ninacho. Lakini nilichosikia nilikisikia, kinyongo au bila kinyongo.

Nimeisoma karatasi hii mwenyewe hadi mwisho. Ndivyo ilivyokuwa, na nitasema hivyo hivyo mbele ya hakimu.

Sahihi ya shahidi: A. Bosibori

MAELEZO YA AFISA: Yameandikwa na mimi, Konstebo Kinoti, mbele ya shahidi. Kamera imepokelewa kama kielelezo. Wakati wa kuandika, simu ya shahidi ililia mara kadhaa mezani. Jina lililoonekana ni Shafina. Nilimwambia anaweza kupokea. Aliigeuza kifudifudi, akaniomba tuendelee.