Sauti ya Mama Juu ya Kabati

Jumatatu, 3 Machi
Sindano imeruka tena. Palepale, Mama anapoanza kuimba peke yake na kwaya inanyamaza. Kiwanda cha barafu kilicho chini yetu hakilali, sakafu inatetemeka, gramafoni nayo. Na santuri ni hii moja tu! Kila sindano ikiruka inaongeza mkwaruzo. Masikio ya Baba nayo yanakwisha — daktari kasema hakuna dawa. Nataka amsikie marehemu mkewe vizuri, hata mara moja, kabla hayajaziba kabisa.

Jumatano, 5 Machi
Nimeshuka kumwomba fundi mitambo azime kidogo. Kaniuliza kama nataka wauze maji. Kacheka peke yake.

Nimekata mipira ya tenisi nusu nusu, nikaiweka kabatini, chini ya gramafoni. Bure! Halafu Baba anaegemea kabati, viganja vyote juu ya mbao, utadhani litakimbia. Nikamfokea: toa mikono, unatikisa! Katoa. Nimejichukia siku nzima.

Ijumaa, 7 Machi
Sponji. Bure.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji kapita, kaniona nimelala sakafuni na tyubu ya baiskeli, kasema nimekosa kazi. Lakini ndiye aliyeona: spika zikikaa kabati moja na gramafoni zinaitikisa zenyewe. Nimezihamishia kwenye viti. Tyubu yenye upepo kidogo, juu yake bamba la marumaru, juu yake gramafoni. Sina tena imani na chochote.

Jumanne, 11 Machi
Imetulia! Kiwanda kinanguruma, maji yanacheza kwenye glasi, sindano haitikisiki. Mama kaimba mpaka mwisho. Nimesikia hata anavyovuta pumzi. Nimelia.

Baba kaweka viganja kabatini. Kavihamisha. Kaviweka tena.

“Umeme umekatika?”

Na santuri inazunguka mbele yake! Nikaushika mkono wake, nikauweka juu ya spika. Katikisa kichwa. Hapa pananguruma tu, kasema, mama yako yuko kwenye mbao. Tangu lini husikii, Baba? Kasoma midomo yangu. Tangu mwaka jana hasikii kitu. Hakutaka kunivunja moyo.

Nimetoa tyubu na bamba, nimerudisha kila kitu kabatini. Sindano ikaruka palepale, krrr! — na Baba kafumba macho, anatabasamu. Mama anakwaruzika, mume wake anatabasamu.

Wimbo umeisha. Anaomba nirudie. Nimemwambia angoje niandike kidogo. Viganja vyake viko tayari kabatini.